Soseji za Uzi Mwekundu

Watu wa mtaa wa Mshangano wakitaka kumsifu Kunegunda husema ana mkono mtamu. Mwenyewe akisikia hukunja uso. Mkono hata fundi baiskeli anao, atakwambia. Mpishi kazi yake ni ulimi. Hayo aliyapata akiwa msichana wa miaka kumi na saba, katoka kwao Madaba na sanduku la bati, akaajiriwa jikoni kwa masista chini ya mzungu mmoja mfupi aliyeitwa Sista Walburga. Sista yule alikuwa na Kiswahili cha maneno hamsini, na yote alikuwa anayatumia kugombeza. Lakini ndiye aliyemfundisha kusaga nyama, kuijaza kwenye utumbo uliooshwa ukaoshwa tena, kufunga soseji kwa uzi na kuzikausha kwa moshi wa kuni za mpera. Na kila mara chungu kilipofunuliwa, neno lake lilikuwa moja: "Onja." Kwa Sista Walburga, mpishi asiyeonja alikuwa mwongo aliyevaa aproni.

Sista alirudi kwao, akafia huko. Kunegunda akaolewa na Baltazar, seremala, wakapata watoto wanne, wa kwanza Rupert, ambao sasa kila mmoja ana kwake, na kazi ya soseji akawa anaifanyia nyumbani. Kilichompa jina, hata hivyo, ni mchuzi wake mzito wa maharage. Sista alikuwa akiupika na kabichi. Kunegunda akaona kabichi haina la kusema, akaweka majani ya maboga. Maharage ya Mbinga yanalala kwenye maji, yanachemka taratibu mpaka ganda linataka kupasuka. Vitunguu na nyanya vinakaangwa pembeni, soseji inakatwa vipande vinene kama kidole gumba, vyote vinakutana, halafu majani yaliyomenywa nyuzi zake yanaingia mwisho kabisa. Ukiula mchuzi huo na ugali, shughuli ya jioni imekwisha. Unatafuta pa kuegemea.

Sasa, nyumba hiyo ni ya Wakatoliki, na soseji ya Wakatoliki wa huku ni ya nguruwe. Hilo halifichwi. Lakini ng'ambo ya ua wa michongoma anakaa Zena, mwalimu mstaafu, mtu wa Tunduru, Mwislamu wa swala tano. Miaka kumi na tisa iliyopita Zena alifiwa na mumewe katikati ya mfungo wa Ramadhani. Ijumaa moja Kunegunda akapita kwenye upenyo wa ua, akasimama mlangoni kwa mfiwa, akamuuliza bila kuzunguka, "Mwalimu, chakula cha kwangu utakula?" Zena akamtazama, macho yamevimba. "Nitakula," akasema, "nikijua kilichomo."

Basi kuanzia siku ile Kunegunda alihakikisha anajua. Akanunua mashine ya pili ya kusagia nyama. Ubao wa pili, kisu cha pili, sufuria ya pili, pipa la pili la moshi, vyote vikakaa upande wao wa jiko na havikuvuka. Nyama ya ng'ombe alichukua bucha moja tu, ambako anamjua mchinjaji. Utumbo wa kujazia ulikuwa wa mbuzi, naye kachinjwa kwa bismillahi. Na kwa kuwa soseji ikishapigwa moshi ni kahawia tu, ya ng'ombe na ya nguruwe huwezi kuzitofautisha kwa macho, akaweka alama ya nyuzi: ng'ombe uzi mwekundu, nguruwe uzi mweusi. Kila Ijumaa ya Ramadhani mchuzi wa uzi mwekundu ulivuka ua kwenda kwa Zena. Krismasi pilau ilivuka kurudi. Zena alikwishaacha kuuliza zamani sana.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani ziliingia wiki moja. Walicheka sana, wanawake hawa wawili, kwamba sasa mtaa mzima una njaa. Lakini ndani ya kicheko hicho kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: Ijumaa ya Kwaresima Mkatoliki hali nyama. Kwa hiyo Ijumaa ile Kunegunda alipika sufuria nzima ya soseji na hakuonja. Alinusa, akagusa rojo kwa mgongo wa kijiko, akatia chumvi kwa mazoea. Sista Walburga angemchapa vidole.

Saa kumi na moja na nusu Zena alikuja mwenyewe na hotpoti yake ya maua ya bluu. Alikuwa amevaa baibui jipya na uso wa mtu anayefanya mtihani. Binti yake, Sauda, aliyeolewa mwaka jana na kijana wa Lusewa, alikuwa amekuja na mumewe kufunga kwa mama yake, na mama mkwe wake, Bi Somoe, alikuwa amekuja kukaa nao mpaka Jumapili. Bi Somoe alikuwa mwanamke wa kukagua. Alikuwa ameshakagua ndoo za maji, mapazia na namna Sauda anavyokunja mswala.

"Ameniuliza nani kapika futari," Zena alisema, akishika hotpoti huku Kunegunda akipakua. "Nikamwambia jirani yangu. Akasema, jirani yupi? Nikamwambia Mama Rupert, Mkristo. Akanyamaza, unajua kule kunyamaza kwa watu wazima. Halafu akaniuliza, na wewe unakula?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia jiko la Mama Rupert ni jiko langu. Nimekula kiapo, mwenzangu. Kwa hiyo usiniangushe."

Alisema kwa utani, akacheka, akafunika. Kunegunda naye akacheka. "Uzi mwekundu," akasema, kama alivyosema kila mwaka.

"Nilikuuliza mimi?" Zena akajibu, akapita kwenye upenyo wa ua akiwa ameinua hotpoti juu isiguswe na miiba.

Kunegunda aliketi. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na nje kulikuwa na harufu ya udongo. Akaichukua suruali nyeusi ya Baltazar, iliyofumuka mshono wa goti kwenye Njia ya Msalaba, maana mwanamume yule akipiga magoti hupiga kama anashusha gunia. Baltazar mwenyewe alikuwa kwenye kigoda karibu na kopo la nyuzi.

"Nipe uzi mweusi hapo," akamwambia.

Baltazar akaingiza mkono, akampa. Ulikuwa mwekundu.

"Mweusi, mzee. Huu mwekundu."

Baltazar akaupokea. Akarudisha mkono kwenye kopo, akapapasa, akatoa kibunda, akakigeuza kuelekea dirishani, akakisogeza karibu na pua. Halafu akampa. Kilikuwa kile kile chekundu.

Kunegunda hakukipokea. Alimtazama mumewe usoni, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba macho yale hayakuwa yanamtazama yeye, yalikuwa yanatazama sauti yake. Ndani ya mboni kulikuwa na ukungu, kama maji ya kuoshea mchele. Tangu lini? Analala naye kitanda kimoja, anakula naye meza moja, na hakuona.

"Baltazar. Huoni."

"Naona. Jioni tu ndiyo panakuwa na giza."

"Tangu lini?"

Alifuta mikono kwenye magoti ingawa haikuwa na kitu. "Tangu mavuno," akasema.

Kunegunda akaweka suruali chini. Kufunga soseji ndiyo kazi ya Baltazar. Vidole vya seremala vinajua fundo. Siku ya Jumanne alifunga huku mkewe ameketi kando yake, akimkatia uzi mmoja mmoja na kumkabidhi. Lakini jana, Alhamisi, walikuwa wamesaga tena, beseni la ng'ombe mkono wa kushoto, la nguruwe mkono wa kulia, na kabla ya kufunga Kunegunda akaitwa msibani. Akamwachia. Aliporudi umeme ulikuwa umekatika. Akakuta soseji za masinia mawili zimefungwa vizuri, akamulika kwa simu, akatundika nyekundu kwenye pipa la nyekundu na nyeusi kwenye pipa la nyeusi. Alimulika nyuzi. Nyama hakuimulika.

"Jana nani alikupa uzi?"

"Nilichukua mwenyewe."

"Ulijuaje upi ni upi?"

"Niliushika," alisema Baltazar, akisugua kidole gumba kwa cha shahada. "Mmoja ni mnene kidogo. Nikadhani mnene ndio mwekundu."

Kunegunda akatazama saa ukutani. Saa kumi na mbili na dakika nane. Adhana ya magharibi ilikuwa imebakiza nusu saa. Alitoka nje bila kandambili, akafunua pipa la uzi mwekundu. Soseji zilining'inia humo, za Jumanne na za Alhamisi pamoja, kahawia moja, hakuna hata moja iliyokuwa na jina. Asubuhi alikuwa amechukua sita kutoka humu humu, akachukua zilizo karibu na mkono.

Akakata mbili, moja upande huu na moja upande ule. Makaa yalikuwa bado na moto. Akaweka kikaango, akakata kipande cha ya kwanza, akasubiri kiive. Makaa hayana haraka hata ukiyapepea kwa hasira. Kilipobadilika rangi alikichukua kwa vidole, kikamuunguza, akafanya ishara ya msalaba kwa mkono ule mwingine. Ijumaa ya Kwaresima, miaka hamsini na nane, hajawahi. Akatia mdomoni.

Ng'ombe.

Alipumua. Alitaka kukaa chini pale pale kwenye matope. Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na nitakwambia ukweli, kuna mtu angeishia hapo na kusema Mungu mkubwa. Lakini kipande cha pili kilikuwa kinachuruzika mafuta kikaangoni, mafuta mengi, meupe, na pua yake ilishajua kabla ya ulimi. Akaonja hata hivyo. Akatema kwenye majivu.

Baltazar alikuwa amemfuata mpaka mlangoni, ameshika fremu. "Ni ipi?"

"Moja ndiyo, moja siyo."

"Basi labda zile sita zote ni za Jumanne."

"Labda."

"Ukienda kumwambia mbele ya yule mama, unamvua nguo mwenzako. Wameshaamini. Mungu anahukumu nia, Mama Rupert."

Na hapo, tuseme kweli, Baltazar hakusema upumbavu. Kunegunda mwenyewe alikuwa ameshayasema hayo moyoni kabla yake. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Wala nyama haitapiga kelele. Akisema, Zena atakuwa amekula kiapo cha uongo mbele ya mkwe wake, na Sauda ataishi Lusewa na maneno hayo mpaka azeeke. Akinyamaza, Zena atakula asichokijua, kwa mkono wa mtu aliyemuahidi. Alisimama pale na kikaango, na aliogopa kama hajawahi kuogopa, kwa sababu pande zote mbili alikuwa anampoteza Zena.

Adhana ikaanza. Ilikuja kutoka mbali, ikakatika na upepo, ikarudi, ikaisha, dakika zikapita, naye bado amesimama. Kunegunda akatupa kikaango chini, akaelekea kwenye upenyo wa ua, na michongoma ikamchana mkono asisikie.

Hatua hamsini. Njiani alipanga uongo. Atasema amesahau chumvi. Atachukua hotpoti, atarudi nayo kwake, ataileta na maharage matupu, atasema soseji zimeungua. Uongo mdogo, msafi, hauumizi mtu.

Mlango wa Zena ulikuwa wazi, pazia limefungwa fundo. Hakupiga hodi. Miaka kumi na tisa hajawahi kuingia nyumba ile bila hodi. Ndani wanawake watatu walikuwa wamesimama kwa swala, migongo yao mlangoni: Bi Somoe, Zena katikati, Sauda. Mume wa Sauda alikuwa kaenda msikitini. Nyuma yao, kwenye mkeka, kulikuwa na kokwa za tende kwenye kisahani, vikombe vya uji vilivyonywewa nusu, sahani nne tupu. Na hotpoti ya maua ya bluu, bado imefunikwa. Kumbe Bi Somoe ni mtu wa kufungua kwa tende, kuswali, ndipo aguse chakula. Kunegunda alimshukuru yule mama kwa roho yake yote.

Walirukuu. Wakasujudu. Hakuna aliyeweza kugeuka wala kumuuliza neno. Kunegunda akaingia kwa miguu mitupu yenye matope, akainama, akaichukua hotpoti. Ilikuwa ya moto na nzito. Alikuwa ameshapiga hatua moja kurudi mlangoni aliposikia wameketi kwa tahiyatu, na akajua anachofanya: anaiba chakula nyuma ya watu wanaosali. Akasimama.

Wakatoa salamu. Nyuso tatu ziligeuka kulia. Nyuso tatu zikageuka kushoto, na uso wa katikati ukamwona.

"Mama Rupert?" Zena alisema.

"Chumvi," alisema Kunegunda. "Nimesahau chumvi. Naipeleka mara moja."

"Chumvi ipo hapa, wewe." Zena aliinuka akikunja mswala, akitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa pia la kumwonyesha mkwe. "Yaani umekimbia bila viatu kwa ajili ya chumvi? Ona mkono unatoka damu. Unatetemeka. Si na nyie mko kwenye mfungo wenu, unashinda jikoni na njaa kwa ajili yetu. Pole, ndugu yangu. Pole sana. Kaa ule na sisi maharage, soseji utuachie."

Kwenye mikono ya Kunegunda hotpoti iliinama. Ilikuwa inatosha kulegeza vidole viwili tu. Ingemwagika yote kwenye sakafu, wangepiga kelele kidogo, wangeleta tambara, na Zena angeinama kuokota vipande huku akimwambia pole tena. Aliiona hiyo pole ya pili inavyokuja. Hakuweza kuipokea.

Akaiweka hotpoti sawasawa, akaikumbatia.

"Usile, Mama Sauda," alisema. "Sijui kilichomo."

Zena hakuelewa, na hilo lilikuwa baya kuliko lolote. Bado alikuwa anatabasamu. "Hujui nini?"

"Mume wangu haoni. Nimejua sasa hivi. Jana alifunga yeye peke yake, nyuzi zikabadilika. Nimeonja mbili nyumbani, zote zina uzi mwekundu. Moja ng'ombe. Moja nguruwe. Humu zimo sita, na sijui."

Sauda alijifunika mdomo kwa ushungi. Bi Somoe hakusogea. Alimtazama Kunegunda kuanzia miguu yenye matope mpaka kichwani, taratibu, halafu akageuza macho kwa Zena, na kwa Zena ndiko alikosemea.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza," Zena akajibu.

"Na hiyo miaka yote?"

Kunegunda alitaka kusema miaka yote ilikuwa salama, alitaka kueleza mashine mbili, mapipa mawili, bucha, lakini alijua kuwa mtu aliyekuja kusema hajui hawezi tena kusema anajua.

"Itoe nje," Zena akamwambia. Hakumwita Mama Rupert wala ndugu yangu. Aliyasema kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kuwatoa watoto darasani.

Kunegunda akaitoa. Alivuka ua na hotpoti mikononi, akamwaga vyote kwenye shimo la taka, maharage, majani, soseji, akafukia kwa udongo. Hotpoti aliiosha mara tatu kisha akakaa ameishika, kwa sababu haikuwa ya kurudishwa wala haikuwa yake. Alilia. Alimlilia Zena, kisha akamkasirikia Baltazar.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza.

Baltazar alikuwa ameketi kitandani. "Seremala asiyeona ni nini?" akasema. "Randa nimeshaiacha, msumeno nimeuacha, nikasema ni mgongo. Ulibaki uzi. Ningekwambia, na uzi ungeninyang'anya."

Ni kweli angemnyang'anya.

Bi Somoe hakungoja Jumapili. Jumamosi alfajiri alichukua basi la Namtumbo, akasema magoti yanamuuma. Sauda alionekana akianua nguo na macho mekundu. Kunegunda alitoa kila kilichokuwa ndani ya pipa la uzi mwekundu, akakizika, na lile pipa akalipasha moto mpaka rangi ikabanduka, halafu akaona halitoshi, akalitoa kwa jamaa wa chuma chakavu. Hotpoti aliipeleka Jumapili, ameifunga kwenye khanga safi. Sauda ndiye aliyeipokea mlangoni. "Shikamoo, mama," alisema, akaichukua, akasimama kidogo kama ana neno, halafu akaingia.

Siku sita Zena hakuonekana kwenye upenyo. Alipita barabarani kwenda dukani, na Kunegunda akiwa bustanini anachuma majani ya maboga alisema habari za asubuhi, naye akajibu nzuri, akapita. Nzuri. Bora angemtukana.

Ijumaa iliyofuata Kunegunda alibandika maharage kwa sababu ni Ijumaa na mikono haijui kitu kingine. Hakuweka nyama. Saa kumi na moja na nusu aliweka majani, akafunika, na alipogeuka Zena alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko.

"Hodi," alisema Zena, ingawa alishaingia.

"Karibu."

Hakukaa. Baltazar alikuwa kwenye kigoda chake, akainua uso kuitafuta sauti. Zena alimtazama macho, akajionea mwenyewe kuwa haoni.

"Nilikuona," akamwambia Kunegunda. "Nilipotoa salamu ulikuwa umeshaishika. Ungeweza kuondoka nayo kabla sijageuka."

"Ningeweza."

"Na baadaye ukaiinamisha. Niliona vidole."

"Nilitaka kuimwaga."

"Ungeimwaga tu." Sauti ya Zena ilipanda, siku sita zote zikiwa ndani yake. "Bi Somoe asingejua kitu. Mwanangu asingepigiwa simu za kumkatisha usingizi. Mimi nilishakula kiapo changu, ningekaa nacho. Kwa nini hukumwaga?"

Kunegunda alitafuta neno la maana, hakulipata, akasema lililokuwepo.

"Ulinipa pole."

Zena akaangalia pembeni, kule palipokuwa na pipa, akaona duara jeusi tu kwenye udongo. Kisha akatia mkono ndani ya baibui, akatoa kibunda cha uzi mwekundu, kipya, bado kiko kwenye karatasi ya dukani, akakiweka mezani.

"Siku ya ng'ombe niite," akasema. "Nafunga mwenyewe. Na wewe Baba Rupert, Jumatatu asubuhi uwe umevaa, twende hospitali. Mtoto wa jicho hutolewa, hata marehemu mume wangu alitolewa. Tutakaa kwenye benchi mimi na wewe mpaka wakuite, na ukisema ni mgongo nitakuaibisha mbele ya manesi."

"Sawa, mwalimu," alisema Baltazar, akajifuta macho yale yasiyomsaidia.

"Bi Somoe?" Kunegunda akauliza.

"Bado." Zena alitazama sufuria jikoni, mvuke unainua mfuniko. "Umepika nini?"

"Maharage na majani."

"Kuna nini ndani?"

Miaka kumi na tisa, na leo aliuliza. Swali hilo liliingia kwa Kunegunda kama mwiba, na alijua kuwa litaulizwa tena wiki ijayo, na Ramadhani ijayo, na kwamba ni haki yake kuuliza. Akafunua sufuria.

"Maharage ya Mbinga," alisema. "Majani ya maboga, nimechuma pale. Vitunguu viwili, nyanya nne, karoti. Mafuta ya alizeti, chupa ile pale. Chumvi. Basi."

Akachukua kijiko, akachota, akapuliza, akaonja mbele yake. Zena alimwangalia mpaka amemeza. Kisha akafunua upande wa baibui, na hotpoti ya maua ya bluu ilikuwa kwapani muda wote.